Amana ya Chombo

Huenda mtastaajabu kutuona sisi wakaaji wa Arusha, mji ulio chini ya Mlima Meru na mbali na bahari, tukiandika habari za vyombo vya majini. Lakini jamaa nyingi za mji huu asili yao ni mrima wa Tanga na Pangani, na wazee wao walipanda bara kwa reli iliyofika Arusha mwaka 1929. Bahari waliiacha, hadithi zake walikuja nazo.

Babu yetu alikuwa na mashua huko Pangani, shirika yeye na nduguye. Alitusimulia kwamba chombo hakimpi mwenyewe raha: sharti kipandishwe pwani, kitiwe kalafati ya pamba baina ya mbao, kipakwe deheni chini na mafuta ya sifa juu. Tulipomwuliza faida yake, alicheka tu.

Mwezi uliopita tuliwapeleka watoto ziwa Duluti, karibu na Tengeru, lililo katika kasoko ya volkeno ya kale. Tulikuwa sita, na mtumbwi wa kukodi ulikuwa wa abiria watatu. Kwa kuokoa fedha, tulimsihi mpiga kasia atupakie sote mara moja, kwani maji yalikuwa yametulia. Kijana yule alikataa kwa adabu, nasi tukanung'unika mbele ya watoto. Ndipo binti yetu mdogo akauliza, "Baba, si Babu wa Pangani aliyewashusha watu?"

Sisi wenyewe ndio tuliomhadithia. Siku moja kabla ya Idi, kusi likivuma, babu aliwateremsha abiria wanane na kuwarudishia nauli zao. Nduguye alikasirika, wasisemezane mwezi mzima. Chombo kingine kikawachukua watu wale, kikafika salama, na babu akachekwa mji mzima. Jibu lake lilikuwa, "Mbao ni zangu, roho si zangu."

Wasomaji, waliomcheka hawakuuona mwisho wa mambo. Meli ya Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996. Spice Islander ilizama ikielekea Pemba usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011. Na kivuko cha Nyerere kilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018. Vyote vitatu vilikuwa vimepakia kupita kiasi, na mamia ya watu walipotea.

Hata huku mlimani twazo mashua zetu: pikipiki ipelekayo watoto watatu shuleni, na gari lisilokataa abiria. Mwenye chombo amepewa amana, na abiria naye asimshawishi kuivunja.

Tulimtaka radhi kijana yule, tukavuka kwa safari mbili. Mwenyezi Mungu awarehemu wazee wetu, na atujaalie kuyafuata mema yao kabla hatujakumbushwa na watoto. Amin.