Kura Si Mtihani

Kijana mmoja wa mtaani kwetu Mombasa, ambaye kusoma humwia muhali lakini ajuaye barabara ni bomba lipi lililokauka na ni nani aliyeahidi kulitengeneza, alirudishwa nyumbani siku ya uchaguzi kwa hoja kwamba hana fahamu. Na hiyo, kwangu mimi, ni dhuluma isiyo udhuru. Ibara ya 83 ya Katiba ya Kenya ya 2010 humzuia aliyekwisha kutangazwa kuwa hana akili timamu, wala haimpi karani idhini ya kumpima raia kwa macho. Na Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 2006 kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ulioridhiwa na Kenya mwaka 2008, wamruhusu mtu kama kijana huyo kusaidiwa kupiga kura na amtakaye. Basi tumfasirie karatasi kwa subira, kisha tumwache achague.