Nyumba ya pansio: tujenge kwa jua letu

Mtu akipata dekonte finale hapa Lubumbashi, kitu cha kwanza anawaza ni etaje. Bloki za simenti, vioo toka chini mpaka juu, klimatizeri kila chumba. Nasema wazi: ile si nyumba ya mzee, ni mtego. Na sisi wasomi ndio tunaisifu, kwa sababu tunaona haya na nyumba ya babu.

Tuanze na jua. Plani nyingi zinatoka Ulaya, na kule salon inafunguliwa upande wa kusini ili jua la wakati wa baridi liingie. Lakini sisi tuko chini ya ikweta, karibu digrii 12! Mwezi wa sita, baridi inapotuuma, jua la saa sita mchana liko kaskazini. Mwenye kufuata plani ya Ulaya anaketi na blanketi salon yake mwenyewe. Kuta ndefu zielekee kaskazini na kusini. Zile fupi ziende mashariki na magharibi, bila madirisha makubwa, maana jua la saa kumi linaingia chini-chini na barza haiwezi kulizuia.

Wazee hawakusoma digrii, lakini ukuta wao mnene wa udongo ulimeza joto mchana na kulirudisha usiku. Jiko lilikaa nje. Wababemba walikuwa na insaka, paa tu bila kuta, upepo unapita, watu wanazungumza. Njo klimatizeri isiyongojea umeme.

Watanijibu: majani yanaungua, mchwa wanakula, kila mara unabadilisha. Kweli, na sitaki mama mjane ahangaike na paa. Weka mabati, lakini chini yake weka plafo, na uache matundu ili hewa ya moto itoke. Ni kazi ndogo, ila watu wanaipuuza kwa kuharakia vioo.

Na matofali? Udongo wa kichuguu ni mzuri, kila mtu wa Katanga anajua. Shida ni tanuru. Linakula miti ya miombo ileile tunayoililia kwa sababu ya makala. Udongo huo unaweza kukandamizwa kwa mashine ya mkono, pamoja na simenti kidogo, halafu matofali yakae kivulini majuma kadhaa. Hakuna kuni hata moja. Inua msingi na urefushe paa, mvua haitakula ukuta.

Mkubwa wangu hakunisikia. Alijenga etaje, ngazi 17, alizihesabu mbele ya wageni. Sasa goti limekataa, analala salon, na pansio inakwisha kwa mafuta ya jenereta. Mwezi uliopita aliniita pembeni, akaniomba nimtafutie fundi wa kumjengea insaka nyuma ya lupango.