Riwaya ya Mzungu, Shamba la Kwetu

Yuko kijana huko Saboti aliyefungua riwaya ya kale ya Uingereza kwa mara ya kwanza. Kurasa tatu tu, akaifunga. Usimcheke. Huenda alianzia pabaya.

Mpe Animal Farm ya George Orwell, iliyotoka mwaka wa 1945. Kimombo kikimshinda, ipo Shamba la Wanyama, tafsiri ya Fortunatus Kawegere ya mwaka wa 1967. Wanyama wanamfukuza mwenye shamba, kisha nguruwe wanajitwalia maziwa na matufaha. Orwell alikuwa akiisema Urusi ya Stalin. Lakini huko Trans Nzoia, baada ya uhuru wa 1963, mashamba makubwa ya walowezi yaliingia mikononi mwa Waafrika. Wako waliopata ekari nyingi na wako waliobaki maskwota. Nani huko atahitaji kufafanuliwa hadithi hiyo?

Kijana ataimaliza. Kisha atamwuliza babu yake ni nani aliyepata shamba na ni nani aliyeachwa. Mzazi mwenzangu, siku hiyo usimwambie anyamaze. Hapo ndipo kusoma kumeanza.