Chatu naye ana arubaini yake

MZAZI akijifungua hapa kwetu Unguja hukaa arubaini. Hupewa uji wa pilipili manga na supu, na hakuna bibi atakayemruhusu kushika jembe siku ya pili. Hata kuku akitoka kuatamia tunamrudisha taratibu, kwa nafaka kidogo kidogo. Sasa najiuliza, mbona busara hii tunaisahau tunapofuga nyoka?

Msomaji usishangae, nyoka ni biashara. Bustani ya ZALA huko Muungoni, jirani na Jozani, ilipata jina kwa nyoka na vinyonga wake. Meserani karibu na Arusha, na Bio-Ken ya Watamu nchini Kenya iliyoanzishwa mwaka 1980, nako watu wamejenga kazi juu ya nyoka. Na tangu Jozani na Ghuba ya Chwaka zitangazwe Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, mgeni anayekuja kuona kima punju huwa na saa moja ya ziada. Saa hiyo ni fedha kwa mwanakijiji.

Lakini tamaa mbele, mauti nyuma. Niliwahi kufika kwa mfugaji mmoja, jina lake naliweka kapuni, ambaye chatu wake jike alikuwa ametaga siku chache tu nyuma. Wageni walikuwa na kamera mkononi, wakataka kumwona akila. Akatupiwa kuku mzima. Alimmeza, wageni wakapiga makofi, kisha akavishwa shingoni mwa mmoja wao. Kesho yake alimtapika kuku yule. Akalishwa tena, akatapika tena. Haukupita mwezi, banda likawa tupu.

Kilichomponza ni pupa yetu. Chatu jike hali kitu kwa miezi mingi anapobeba mayai na kuyaatamia. Mtafiti Graham Alexander wa Afrika Kusini, aliyechapisha kazi yake mwaka 2018 kuhusu chatu wa porini, alieleza kwamba jike hukaa zaidi ya miezi sita bila kula na huweza kupoteza kiasi cha asilimia 40 ya uzito wake. Muda wote huo utumbo nao husinyaa, kama kiwanda kilichozimwa mitambo. Chakula kikiingia, mwili hulazimika kuuwasha upya: utumbo hunenepa, ini hukua, na kwa chatu wa Asia imepimwa kuwa hata moyo huongezeka kwa asilimia 40 ndani ya siku mbili. Kazi hiyo inataka maji, joto na utulivu. Ukimpa mzigo mkubwa huku amekauka na anashikwashikwa, chakula huoza tumboni kabla hakijasagika.

Kwa hiyo ushauri wangu ni huu. Akiwa bado anaatamia, mwache, usimlazimishe kula, ila maji safi yasikosekane. Akishatoka kwenye mayai, mpe kwanza beseni la maji anywe na ajiloweke siku moja au mbili. Mlo wa kwanza uwe mdogo, panya au kifaranga, usiozidi nusu ya alichozoea. Banda liwe na upande wa joto, nyuzi 28 hadi 32, na upande wa kivuli. Asishikwe kwa siku kadhaa baada ya kula. Subiri apate choo ndipo umpe mlo wa pili, na uongeze taratibu kwa wiki kadhaa. Akitapika, mpumzishe kiasi cha siku kumi hadi kumi na nne, kisha anza upya na kidogo zaidi. Akirudia, au ukiona uvimbe tumboni unaoashiria yai lililokwama, mwite daktari wa mifugo. Nawe nawa mikono kwa sabuni, kwani nyoka hubeba vijidudu vya salmonela.

Najua wapo watakaosema: mgeni analipa leo, arubaini ya chatu nani atailipa? Jibu ni kwamba chatu aliyekufa hailipi hata leo. Wala si rahisi kumpata mwingine. Chatu yumo katika orodha ya pili ya mkataba wa CITES, na kukamata wanyama wa porini bila kibali cha wahusika ni kujitafutia kesi.

Kwa mtazamo wangu, ubao mmoja tu ungetosha mlangoni mwa banda: "Mzazi amepumzika." Mgeni mwenye akili ataelewa, na pengine atavutiwa zaidi na habari ya mama aliyekaa miezi na njaa kwa ajili ya mayai yake kuliko picha ya kumvaa shingoni. Mwonyeshe kinyonga au kobe, umweleze habari hiyo, kisha umkaribishe tena. Tumewafanyia hivyo wake zetu, mbuzi wetu na kuku wetu. Chatu naye ni mzazi.