Kabla ya kupanda saladi ya hoteli, jiulize nani ataila wageni wasipokuja



Wiki hii wakulima watatu wamenipigia simu kwa jambo moja. Wanataka kujua mbegu nzuri ya saladi na brokoli inapatikana duka gani hapa Karatu, na kama ni wakati wa kusia kitalu. Wana haki ya kuuliza. Msimu mkubwa wa wageni huanza mwezi wa sita. Saladi hukaa kitaluni wiki tatu hadi nne, kisha shambani wiki sita hadi nane, kwa hiyo anayetaka kuuza Juni anatakiwa awe kazini sasa hivi.

Miaka sita au saba iliyopita ningewajibu kwa dakika mbili: panda, panda nyingi, hoteli zina pesa. Leo siwajibu hivyo, na naomba nikueleze sababu. Nitaanza na kosa langu mwenyewe.

Mama aliyeniuliza saladi inapikwaje

Nilipoanza kazi ya ugani, semina nyingi zilikuwa na wimbo mmoja: muunganishe mkulima na hoteli. Nilirudi kijijini nikiwa na moto. Mama mmoja wa kata yangu alikuwa na robo tatu ya ekari yenye maji ya uhakika, analima maharage, kabichi na vitunguu. Mimi ndiye niliyemshawishi aachane navyo. Alikopa kwenye kikundi, akanunua mpira wa maji na mbegu, akapanda saladi, brokoli na zukini eneo lote. Kwa mwaka mmoja na nusu mambo yalimwendea vizuri. Nilikuwa nawapeleka wageni wa wilaya kuangalia shamba lake.

Tarehe 16 Machi 2020 mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa, tena Arusha. Siku chache baadaye mtu wa stoo wa hoteli alimpigia simu yule mama: usilete mzigo mpaka tukuambie. Tarehe 12 Aprili ndege za abiria kutoka nje zikasimamishwa, na ziliporuhusiwa tena tarehe 18 Mei anga lilifunguliwa lakini wageni hawakuja. Magari yanayopanda kwenda geti la Ngorongoro, ambayo tulizoea kuyahesabu kwa makumi kila asubuhi, yakawa mawili, matatu, siku nyingine hakuna.

Nilipofika shambani kwake nilimkuta amesimama kwenye matuta. Saladi ilikuwa imeanza kurefuka kutafuta maua, na ikifika hapo huwa chungu. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Sasa bwana shamba, hizi sisi tunazipikaje?"

Sikuwa na jibu. Tulijaribu kupeleka gengeni, majirani wakachukua kidogo kwa kumhurumia. Zilizobaki zilikwenda kwa ng'ombe. Na hasara ya shambani haikuwa kubwa kama ile ya kwenye vitabu, kwani hoteli ilikuwa inamdai asubiri malipo ya mizigo ya miezi miwili aliyokwisha kupeleka. Alilipwa vipande vipande mpaka mwaka uliofuata, na sehemu nyingine hajalipwa hadi leo. Deni la kikundi halikusubiri. Alimuuza ng'ombe wake wa maziwa, yule yule aliyekula saladi.

Mimi mshahara wangu uliingia mwezi ule kama kawaida. Ndiyo maana naona nina deni la kuliongea jambo hili wazi.

Ugonjwa hauhitaji kufika kwenu ili ukuharibie soko

Takwimu za serikali zinaonyesha kwamba mwaka 2019 nchi yetu ilipokea watalii wa kimataifa 1,527,230. Mwaka 2020 wakawa 620,867. Yaani katika kila wageni kumi, sita hawakuja. Hakuna zao lingine ninalolifahamu ambalo wateja wake wanaweza kupungua kwa kiasi hicho ndani ya wiki chache, tena bila mkulima kukosea chochote.

Utasema korona ilikuwa ya dunia nzima na hutokea mara moja katika maisha. Basi kumbuka mwaka 2014. Ebola ilikuwa Guinea, Liberia na Sierra Leone. Hapa kwetu hapakuwa na mgonjwa hata mmoja. Hata hivyo kampuni za utalii za Tanzania na Kenya zilifutiwa safari, kwa sababu mtu aliyeko Ulaya au Marekani alisikia "Afrika" akaogopa. Ukichukua ramani utaona kwamba Freetown iko karibu zaidi na Madrid kuliko ilivyo na Arusha. Hofu haipimi kilomita.

Na hapa ndani tumepata ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera mara mbili, Machi 2023 na tena Biharamulo Januari 2025. Mara zote mbili wataalamu wetu wa afya waliudhibiti ukaisha ndani ya miezi michache, na wanastahili pongezi. Ila wewe unayeuza mboga hoteli ujue kwamba riziki yako imefungwa kwenye taarifa ya habari ambayo huna uwezo wa kuibadilisha hata ukilima vizuri namna gani.

Mvua inayomzuia mgeni ndiyo inayoozesha nyanya zako

Jambo la pili ni hali ya hewa, na hili naliona ni zito kuliko ugonjwa kwa sababu linarudi kila mara.

Tumeambiwa kwamba mkulima ajikinge na mabadiliko ya tabianchi kwa kutafuta kipato kingine, na utalii hutajwa kama mmojawapo. Mimi sikubaliani na hilo moja kwa moja. Kinga ni kitu kinachosimama wakati kingine kimeanguka. Utalii wetu wa mbugani na kilimo chetu vinasimama juu ya mvua ile ile, kwa hiyo huanguka siku moja.

Angalia miaka ya karibuni. Msimu wa mvua wa 2023 hadi 2024 ulikuwa wa El Niño. Desemba 2023 majirani zetu wa Katesh, wilayani Hanang, walifunikwa na tope lililoshuka mlimani na watu wengi walipoteza maisha. Mwanzoni mwa Mei 2024 mto Talek ulifurika kwenye kambi za watalii kule Maasai Mara, Kenya, wageni wakaokolewa kwa helikopta. Siku chache baadaye kimbunga Hidaya kikafika pwani yetu, Mafia ikaumia. Katika mvua za namna hiyo gari la watalii linakwama, na fuso la vitunguu kutoka Mang'ola linakwama vilevile. Nyanya inapigwa na ukungu shambani wakati mnunuzi wake naye hana wageni.

Ukija upande wa ukame ni hivyo hivyo. Mwanzoni mwa 2022 mifugo mingi ilikufa Simanjiro kwa kukosa malisho na maji. Mwaka huo huo serikali ya Kenya ilitangaza kwamba tembo 205 walikufa kwa ukame kati ya Februari na Oktoba. Tembo ndiye mgeni anayemfuata. Mto ukikauka, wewe unakosa maji ya kumwagilia na hoteli inakosa cha kumwonyesha mgeni wake. Hata theluji ya Kilimanjaro, ambayo watu wanavuka bahari kuja kuiona, sehemu yake kubwa iliyokuwepo karne moja iliyopita imekwisha kuyeyuka.

Kwa hiyo anayelima kwa ajili ya hoteli peke yake ameongeza mzigo kwenye kamba ile ile moja.

Je, tuache kuuza hotelini?

Hapana. Mwaka 2024 watalii wa kimataifa walifika 2,141,895, wengi kuliko kabla ya korona. Wanakula kila siku, na ni afadhali wale karoti ya Rhotia kuliko ya kutoka nchi nyingine. Hoteli ni mteja mzuri. Kosa letu lilikuwa kumfanya mteja wa pekee.

Hili si jambo geni kwenu. Mwaka 2017 India ilipoweka kikomo cha mbaazi zinazoingia nchini kwao, bei ilianguka hapa Karatu na Babati mpaka wengine wakaziacha shambani. Ila kwenye mbaazi ulikuwa na nafuu moja: unaweza kuzipika nyumbani na unaweza kuziweka kwenye gunia. Saladi haikupi hata moja kati ya hizo mbili.

Haya ndiyo ninayowashauri sasa.

Kwanza, kabla hujasia kitalu jiulize: magari ya wageni yasipopita kwa miezi mitatu, nani atakula hiki? Karoti, vitunguu, kabichi, njegere, pilipili hoho na viazi vina majibu mawili, hotelini na nyumbani kwa jirani yako. Saladi, brokoli na zukini vina jibu moja. Mimi sasa nasema mazao yenye jibu moja yasizidi robo ya eneo lako. Ukipoteza robo utaumia, lakini utabaki mkulima.

Pili, usipande zao la jibu moja kwa siku moja. Sia kidogo kidogo kila baada ya wiki mbili. Simu ya "usilete" ikija utakuwa umepoteza matuta machache, na yale yaliyobaki unaweza kuyang'oa mapema ukaweka chainizi au figiri, ambazo kwa siku thelathini hivi ziko sokoni.

Tatu, angalia zao linajua kusubiri au halijui. Karoti inaweza kukaa ardhini wiki kadhaa zaidi ukitafuta mteja. Kitunguu kikikaushwa vizuri na kuwekwa mahali penye hewa hukaa miezi. Kitunguu saumu pia. Ukiwa na zao linalosubiri huna haja ya kupokea bei ya kwanza utakayotajiwa.

Nne, na hili ni lenu zaidi wafanyabiashara: hesabuni mzigo ulioko nje. Tuseme unapeleka mboga za shilingi 100,000 kila wiki na hoteli inalipa baada ya siku 60. Kabla hujapokea senti ya kwanza, zaidi ya shilingi 800,000 zako ziko kwenye daftari la mtu mwingine. Hizo si faida bado. Jiwekee kikomo: deni la hoteli moja lisivuke kiasi ambacho ukikikosa kabisa bado utaweza kuwalipa wakulima wako na kununua mzigo wa kesho. Likifika hapo, simamisha, hata kama mtu wa stoo ni rafiki yako. Na kila mzigo uwe na karatasi yenye tarehe, kilo na saini ya aliyepokea. Mwaka 2020 waliokuwa na karatasi walilipwa polepole. Wasiokuwa nazo waliambiwa waje kesho, na kesho haikufika.

Tano, msimu mzuri ndio wa kuweka akiba. Hata bila ugonjwa wala mafuriko, Aprili na Mei wageni hupungua sana na baadhi ya kambi hufunga. Anayefika mwezi wa tatu bila akiba tayari ameshaingia kwenye shida kabla shida yenyewe haijatokea. Weka kwenye kikundi fungu la mbegu na la pembejeo za msimu mmoja, na lisiguswe kwa harusi wala kwa sare.

Na wenye hoteli nao wasikie

Nasema hili kama maoni yangu. Mkulima mdogo hawezi kuwa benki ya hoteli. Hoteli inayomtoza mgeni kabla hajapanda ndege inaweza kumlipa mama wa mboga ndani ya wiki mbili. Viongozi wetu wa kata na halmashauri, mnapokaa na wawekezaji kuzungumza kuhusu barabara na ajira, liwekeni na hilo mezani. Na sisi maafisa ugani tuache kusifia soko bila kueleza hatari zake. Mkulima akiambiwa yote mawili, ana akili ya kuchagua mwenyewe.

Yule mama bado analima. Msimu uliopita nilipita kwake. Nusu ya shamba ni vitunguu na karoti, kuna kabichi, kuna maharage pembeni mwa mfereji, na kwenye kona iliyo karibu na nyumba ana matuta manne ya saladi. Nilimuuliza kwa nini manne tu, wakati hoteli inataka zaidi.

Akaniambia, "Hayo ng'ombe akila, silii." Amenunua mwingine, wa maziwa.