Maji ya Amboseli na Sauti ya Wafugaji

Mbuga ya Amboseli, iliyo kusini mwa Kenya chini ya Mlima Kilimanjaro, ina eneo la kilomita za mraba 392 tu. Mvua inyeshayo katika misitu ya mlima huo hupenya kwenye miamba ya volkeno, kisha huibuka tambarare kuwa chemchemi na vinamasi visivyokauka hata kiangazi kikali. Wakati wa ukame ndovu, pundamilia na nyumbu hukusanyika humo. Masika yakifika, wengi wao hutawanyika katika malisho ya Wamaasai. Kwa hiyo mpaka uliowekwa mwaka 1974, Amboseli ilipotangazwa kuwa mbuga ya taifa, haukuwazuia wanyama wa porini. Uliwazuia ng'ombe.

Wafugaji waliahidiwa maji ya bomba nje ya mbuga. Baadhi ya vijana, kwa hasira ya kunyimwa vinamasi, walikuwa wamekwisha kuua vifaru kwa mikuki. Mabomba yalijengwa, lakini hayakutunzwa ipasavyo, na mwanzoni mwa miaka ya 1980 ng'ombe walikuwa wamerudi vinamasini. Adhaniaye kwamba wafugaji ndio waliovunja mapatano amekosea: ng'ombe hanywi ahadi, na bomba lilikuwa limekauka kwanza.

Upungufu huo haukuwa wa ufundi pekee. Kuulizwa kama utahama ni jambo moja. Kuwa na usemi juu ya pampu, mafuta yake na fedha za matengenezo ni jambo jingine kabisa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 69, inaiagiza serikali ihimize wananchi kushiriki katika usimamizi na uhifadhi wa mazingira. Agizo hilo halitimizwi kwa mkutano mmoja chini ya mti, huku mpango umekwisha kuandikwa mjini.

Tena kuna hasara ya kisayansi. Mfugaji hujua ni bonde gani huota majani kwanza na ni njia ipi ndovu huifuata usiku. Habari kama hizo, zikikusanywa mwaka hata mwaka na kulinganishwa na hesabu za wanyama zinazofanywa kwa ndege, zina thamani kubwa kwa mtafiti. Lakini nani atazitoa kwa moyo kwa ofisi isiyomsikiliza? Swali la kwanza katika mpango wa mbuga kama hiyo lingefaa kuwa hili: mwezi wa Septemba, ng'ombe watanywa wapi, na ufunguo wa pampu atakuwa nao nani?