Mlango wa Madarasa ya Uzamili Ufunguliwe Mapema, kwa Masharti

Miaka michache iliyopita, tukiwa katika raundi ya asubuhi kwenye wodi ya watoto, mwanafunzi wa mwaka wa nne wa udaktari aliuliza swali lililotunyamazisha sote. Mbele yetu alilala mtoto wa miaka sita mwenye homa ya kurudiarudia. Daftari alilolishika mama yake lilionyesha kwamba katika muda usiozidi miezi minne mtoto huyo alikuwa ameambiwa mara tatu kuwa ana homa ya matumbo, na kila mara akapewa dozi ya antibayotiki. Vipimo vyote vitatu vilikuwa vya Widal. Mwanafunzi yule akasema: "Mwalimu, kati ya watoto mia tunaowaambia wana homa ya matumbo kwa kipimo hiki, ni wangapi wanayo kweli?"

Swali hilo alilibeba kutoka darasa la epidemiolojia la wanafunzi wa uzamili, ambako nilikuwa nimemruhusu kuketi nyuma na kusikiliza. Tulirudi mwanzo. Mkojo wa mtoto ulipooteshwa maabara, chanzo cha homa kilionekana katika njia ya mkojo, naye akatibiwa kwa kilichokuwa kikimsumbua. Mwisho wa mwaka, hata hivyo, matokeo ya mwanafunzi yule hayakuonyesha popote kwamba alihudhuria darasa lile kwa muhula mzima na kufanya mazoezi yote. Utaratibu wetu haukuwa na safu ya kuliandika jambo hilo.

Kwingineko safu hiyo ipo. Katika vyuo vikuu vingi vya Marekani, mwanafunzi wa shahada ya kwanza aliyefanya vizuri huweza, kwa idhini ya mhadhiri, kujisajili katika kozi ya ngazi ya uzamili, na krediti zake zikahesabiwa katika kumpa shahada yenye sifa ya juu. Hii isichanganywe na shahada ya heshima wanayotunukiwa viongozi. Hii huhenyewa darasani. Jirani zetu wa Chuo Kikuu cha Nairobi nao wana njia inayokaribiana na hiyo: mwanafunzi wa udaktari huweza kusimama kwa muda baada ya miaka ya awali, akasoma shahada ya sayansi katika fani kama anatomia au fiziolojia, kisha akarejea kwenye udaktari.

Maoni yangu ni kwamba nasi tuufungue mlango huu. Sababu ya kwanza iko katika ramani ya huduma zetu. Kijana husoma udaktari miaka mitano, hufanya mafunzo kwa vitendo mwaka mmoja, kisha hupangiwa kituo. Ubingwa huhitaji miaka mingine mitatu au zaidi, na wengi hawaupati mapema. Katika hospitali nyingi za wilaya, daktari huyu wa shahada ya kwanza ndiye wa mwanzo na wa mwisho kumwona mgonjwa. Tukisema kwamba uwezo wa kuchambua ushahidi ni wa mabingwa peke yao, tunamwambia mgonjwa wa wilayani asubiri bingwa asiyekuwepo.

Sababu ya pili ni aina ya elimu yenyewe. Tuchukue mfano wa hesabu. Watu 1,000 wapimwe, 20 kati yao wakiwa wagonjwa kweli. Kipimo kinagundua wagonjwa 90 katika kila 100, na kinawatambua sawasawa wazima 95 katika kila 100. Wagonjwa 18 watagunduliwa. Lakini wazima ni 980, na asilimia 5 yao, yaani watu 49, wataambiwa kwamba wanaumwa. Basi walioambiwa "una ugonjwa" ni 67, na wagonjwa halisi miongoni mwao ni 18 tu. Hesabu hii hufundishwa katika shahada ya kwanza, lakini mara nyingi hufundishwa kwa ajili ya mtihani. Katika uzamili hufanywa mbele ya mafaili ya wagonjwa, na mwanafunzi hulazimika kusema angefanya nini kesho asubuhi.

Nakiri kwamba wapinzani wa fikra hii wana hoja, na mimi mwenyewe nimeiona kwa macho. Mwaka uliofuata nilimruhusu kijana mwingine, mwenye alama za juu kuliko wenzake wote, kuhudhuria semina za uzamili za kinga ya mwili. Siku moja alitueleza habari za mtoto wa miezi minane mwenye kikohozi. Alizungumza kwa ufasaha juu ya chembechembe za kinga na namna zinavyopambana na vimelea, hata mama wa mtoto akanigeukia na kuuliza, "Dokta, huyu kijana naye ni bingwa?" Nikamwuliza kijana: mtoto anapumua mara ngapi kwa dakika? Hakuwa amehesabu. Muuguzi akashika saa, tukahesabu pamoja dakika nzima: pumzi 62. Kwa mtoto wa umri ule, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya hatari inayojulikana hata katika zahanati. Kijana aliinamisha kichwa. Sikumlaumu yeye, nilijilaumu mimi niliyempokea kwa kutazama alama zake pekee.

Wahenga walinena: mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Elimu ya juu ya tiba, hata ifike wapi, hurejea kitandani kwa mgonjwa. Kwa hiyo napendekeza masharti manne.

Kwanza, anayeomba kuingia darasa la uzamili athibitishwe stadi zake za msingi: kusikiliza historia ya mgonjwa, kumpima, kuhesabu pumzi, kuandika faili linalosomeka. Uthibitisho huo usitoke kwa wahadhiri peke yao. Muuguzi mkuu wa wodi naye atie sahihi, kwa kuwa yeye ndiye humwona mwanafunzi wakati mwalimu hayupo.

Pili, kozi zichaguliwe. Epidemiolojia, takwimu za tiba, maadili ya utafiti na uchambuzi wa tafiti zifunguliwe. Mafunzo ya upasuaji na ya taratibu nyingine zinazogusa mwili wa mgonjwa yabaki kwa madaktari walio katika ubingwa. Hakuna krediti inayostahili kununuliwa kwa maumivu ya mtu mwingine.

Tatu, kipimo kiwe kilekile cha wanafunzi wa uzamili, na mtahini atoke nje. Chuo cha Swarthmore, Marekani, kilipoanzisha masomo ya sifa ya juu mwaka 1922 chini ya rais wake Frank Aydelotte, aliyekuwa amesoma Oxford, kiliweka utaratibu wa wanafunzi hao kutahiniwa na wataalamu wa nje ya chuo. Sisi watahini wa nje tunao tayari. Wapewe na kazi hii, ili sifa isigeuke zawadi ya mwalimu kwa kipenzi chake.

Nne, asiongezewe mtu ada, na ratiba isimfungie nje mwanafunzi anayeishi kwa mkopo na anayetafuta riziki jioni. Tusipoangalia hili, sifa ya juu itakuwa ya wenye nafasi, nasi tutaiita ya wenye akili.

Wapo wenzangu wanaohofia kwamba darasa la uzamili litashushwa. Wakiingia wawili au watatu waliochujwa vema, sioni hatari hiyo. Uzoefu wangu ni kwamba madaktari waliokwisha kuzoea kazi huamshwa na swali la mgeni, kwa sababu mgeni bado hajajifunza kulikwepa.

Nanyi wagonjwa na wazazi mnaosoma ukurasa huu, jambo hili linawahusu. Mnayo haki ya kumwuliza aliyesimama mbele yenu yeye ni nani, yuko ngazi gani ya masomo na nani anamsimamia, naye anapaswa kujibu bila kukasirika. Mwanafunzi asiyejua kusema "mimi ni mwanafunzi" hajawa tayari kwa darasa lolote la juu.

Yule mwanafunzi wa swali la Widal sasa ni daktari katika wilaya moja isiyo na bingwa wa watoto. Hana krediti wala cheti cha darasa lile. Lakini kila mama anapomfikia na daftari lenye majibu matatu yanayofanana, yeye huanza upya kumpima mtoto. Seneti ya chuo inaweza kuamua wenzake waipate elimu hiyo kwa utaratibu ulioandikwa, badala ya kutegemea hisani ya mhadhiri mmoja.